Hamsini, Mia, Ishirini na Tano

Mwatumu, shemeji, weka ufunguo mezani kwanza.
Gari ni lako, sikatai, risiti nimeiona:
Subaru ya kijani, maili laki na arobaini,
kiti cha nyuma kinanuka mbwa wa watu.
Lakini hapa Lewiston gari halitoki
bila kikaratasi kidogo kama kadi ya kliniki.

Bi Pelletier, wa ofisi ya juu ya duka la viatu,
alinisomea tarakimu taratibu,
kama mtu anayehesabu vidonge:
hamsini, mia, ishirini na tano.
Zote elfu. Zote dola.
Hamsini ni ya mwili mmoja utakaouumiza.
Mia ni ya miili yote, wawe wawili, wawe saba;
wakizidi, wagawane.
Ishirini na tano ni ya vitu: bampa, uzio,
sanduku la barua ambalo mzee wa watu kalichonga mwenyewe.

Nikauliza, na mimi je?
Akavua miwani.
"Hizo si zako. Hizo ni za utakayemgonga."
Kumbe ni bima ndogo ileile ya kwetu,
ile ya stika kwenye kioo
na trafiki kuisoma kwa kidole.
Ila jimbo hili linaongeza: ujikinge na asiye na bima,
na uweke elfu mbili za matibabu kwa kila uliyempakia.

Asiye na bima.
Hapo niliangalia viatu vyangu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaa Manchester,
jimbo la jirani, mwendo wa saa mbili,
ambako dereva halazimishwi kukata bima.
Bamba la gari lina neno la uhuru na neno la kufa,
mstari mmoja, nami nikasoma la kwanza tu.
Wenzangu walikata bima, mimi nikakata gharama.
Asubuhi moja ya Februari, natoka zamu ya usiku,
nilikanyaga breki, na breki ikakubali.
Barabara ndiyo iliyokataa.
Mlango wa pikapu ya Bwana Kowalczyk
ulibonyea kama kopo la maziwa.
Hakupiga kelele. Alishika shingo yake,
akauliza jambo moja: "Kampuni gani?"
Nilinyamaza.
Theluji ikatuangukia mabegani,
yake na yangu, bila upendeleo.

Uhuru wa kutokata bima si uhuru wa kutolipa;
hilo halikuandikwa kwenye bamba.
Dola mia mbili kila mwezi, miezi kumi na saba.
Dada yako ndiye aliyelamba zile bahasha.
Mama aliomba pesa ya bati, nikamwambia, mvua bado.
Mvua ilikuwa imeshafika.

Siku hizi nikivuka daraja la Piscataqua,
juu ya maji, pasipo ukuta wala mlinzi,
sheria inabadilika katikati ya chuma.
Tairi hazihisi kitu.
Mimi nahisi. Napapasa kidroo. Kadi ipo.

Wahenga walisema ajali haina kinga.
Sawa, na Bi Pelletier hauzi kinga.
Anauza jibu la swali moja,
swali linaloulizwa ukiwa umesimama kwenye theluji.

Sasa unaniuliza kama kima cha chini kinatosha.
Mwatumu, mimi nasukuma vitanda hospitalini,
nimeiona bili ya nyonga moja tu, ya mtu mmoja tu.
Kima cha chini ni sakafu, si godoro.
Omba bei ya juu yake kidogo, usikie tofauti;
pengine ni kahawa nne kwa mwezi, pengine si hivyo,
sijui, umri wako una hesabu yake.

Ofisi inafungwa saa kumi na moja.
Vaa koti.
Twende na langu. Nitaendesha mimi.