Mlango wa Thelathini na Moja

Ngamiani mitaa imepigwa rula:
Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu.
Ukipotea, umetaka mwenyewe.
Nikasema, hii kazi nyepesi. Nikaandika

deni[20][30]

barabara ishirini, kila moja milango thelathini,
na maziwa ya mjomba Mbaruku yakatoka
kwenye daftari lenye madoa ya grisi ya baiskeli
yakaingia visandukuni.

Kitu cha kwanza nilichomficha mjomba
ni kwamba Barabara ya Kwanza naiita Sifuri.
Angesema nimemvunjia heshima Bi Tunu,
mteja wake tangu chupa zilipokuwa za kioo.

Cha pili, hata mimi sikuwa nimekitia moyoni:
ndani ya kompyuta hakuna Ngamiani.
Hakuna kona, hakuna njia panda,
hakuna duka la Mpemba pembeni.
Kuna foleni moja ya visanduku, kifua kwa mgongo,
na Barabara ya Tatu inapoishia
ya Nne imeshaanza,
hapapiti hata wembe.

Semkiwa fundi saa akajenga kibanda
mwisho kabisa wa Barabara ya Tatu.
Mlango wa thelathini na moja.
Lita mbili kila alfajiri, atalipa mwisho wa mwezi.

deni[2][30] += 2;

C haikuguna. C haijui hodi.
Ukiitajia hatua inazitembea,
inapofika inatua mzigo.

Mwisho wa mwezi akaja Bi Mwanakheri,
mlango wa kwanza, Barabara ya Nne,
karatasi ameikunja mara nne:
"Lita sitini? Mimi maziwa yananijaza tumbo
tangu usichana. Chai yangu ya rangi,
uliza mtaa mzima."

Mjomba akanitazama.
Daftari lake halikuwahi kumdai asiyekunywa.

Usiku nikahesabu kwa kidole ukutani.
Mbili mara thelathini, ongeza thelathini: tisini.
Tatu mara thelathini, ongeza sifuri: tisini.
Semkiwa anakunywa,
jirani anatoka povu.

Nikapanua milango, arobaini kila barabara.
Haikunitosha. Nikaweka na mstari wa kuuliza,
kabla kalamu haijagusa kitu:
nyumba hii ipo?

Asubuhi nikampelekea Bi Mwanakheri karatasi mpya.
Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.
"Na hii sifuri," akasema,
"nailipa lini?"