Rangi Isiyoingia Machoni

Baba hakujua lini alianza kugeuka manjano.
Nani angejua? Miaka thelathini na mmoja
amesimama hadi mapajani katika mashimo ya ngozi huko Fez,
kisha akipaka ngozi za mbuzi rangi ya ganda la komamanga,
na kila jioni alirudi na viganja vya manjano,
kucha za manjano; hata mkate aliomega
ulibaki na alama ya dole gumba.
Mama alisema ameolewa na bizari.

Basi alipoanza kujikuna
tulisema: chokaa.
Alijikuna nyayo kwenye ukingo wa mlango,
viganja kwa meno ya kitana,
usiku kucha, kama mtu afutaye jina ubaoni,
nasi tukasema: chokaa, na kile kinyesi cha njiwa
wanacholainishia ngozi.
Aliposukuma bakuli la harira bila kuonja,
yeye aliyekuwa akilamba mwiko,
tulisema: uvundo wa kazi umemkaa puani.
Kila dalili ilivaa aproni yake ileile.

Mimi, Hniya, nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi
na sikuona.
Nilijibu mtihani: nyongo ikikosa njia hurudi damuni,
mkojo hukolea, choo hupauka.
Nikapata kumi na saba kwa ishirini.
Nyumbani choo ni kimoja, na baba huamka kabla yetu.

Aliyeona ni Rkia, mama yangu, asiyejua kusoma.
Ijumaa, baba katoka hamamu,
kasuguliwa kwa sabuni nyeusi mpaka anang'aa,
akakaa mlangoni penye mwanga, akacheka kitu.
Mama akamshika kidevu.
"Laarbi, tazama juu."
Akamvuta ukope wa chini kwa kidole
kama achunguzaye yai kabla ya kulilipia.
"Rangi ya shimoni haifiki humu."
Macho hayana pazia.

Ndipo akaungama, kidogo kidogo, kama mdaiwa:
mkojo rangi ya chai iliyosahauliwa motoni, wiki ya tatu sasa;
choo kama udongo wa mfinyanzi;
maumivu chini ya mbavu za kulia, yakipanda begani
kila alipokula nyama yenye mafuta.
"Nilidhani ni uzee."
Ana miaka hamsini na minne.

Wasemao mambo yametumbukia nyongo
hawajaona nyongo yenyewe ikitumbukia damuni.

Hospitalini walimpaka jeli baridi tumboni.
Kijiwe. Daktari alituonyesha kwenye kioo,
hakizidi punje ya dengu,
kimeketi mrijani kama mtoza ushuru,
na nyongo yote imepanga foleni nyuma yake.
Ingeweza kuwa ini lenyewe, alisema: virusi, pombe,
au uvimbe usiouma, ule mbaya.
Nilizijua zote. Nilizikariri kwa mpangilio.

Walikitoa kwa mpira mrefu uliopitia kinywani.
Mkojo ukawa wa kwanza kusafika. Usingizi ukarudi.
Macho yalichelewa.
Mikono haikubadilika hata kidogo.

Siku ya kumi na mbili aliuliza kama anaweza kurudi kazini.
Mama hakujibu. Alimgeuza uso dirishani,
akatazama jicho la kushoto, kisha la kulia,
kama afanyavyo sasa kila asubuhi,
ndipo akammiminia chai.