Miti Miwili

Sheria ya Missouri haidai ubao wala maandishi:
mstari wa zambarau kwenye gome, kimo cha kifua,
unatosha kusema, pita uone.

Wakili Haskell alinihesabia kwa vidole:
kwanza onyo, barua yenye saini;
akirudi, sherifu;
akikaidi, mahakama.
"Bunduki iache ukutani, Verna.
Ukimpiga, mshtakiwa ni wewe."

Nikabeba kopo na brashi,
mwaloni hata mwaloni, kila futi mia,
mgongo ukinilaumu.

Nikazikuta nyayo zake.
Haziendi kwa kulungu, wala kwenye kuni zangu.
Zinapanda hadi mawe matatu yaliyolala,
ambayo marehemu mume wangu aliyanunua pamoja na shamba
bila kuuliza ni ya nani.
Juu ya moja, maua ya plastiki, mapya,
na jina Tackett, limesuguliwa kwa mswaki.

Nilimpigia Haskell. Akakohoa.
"Hapo," akasema, "sheria iko upande wake."

Rangi ilikuwa inakauka kwenye brashi.

Nimezizungushia zote, eka arobaini,
isipokuwa miti miwili,
na kati yake upana wa mtu mmoja
na maua yake.