Imebaki Ringi

Ilianzia Kange, pale barabara inapoinuka kidogo,
mwinuko ambao mgeni wa Tanga haoni
ila mwenye baiskeli anaujua kwa magoti.
Nilisimama juu ya pedeli. Cheni ikaruka.
Goti likapiga usukani, na madaftari ya darasa la sita
yakashuka kwenye keria, yakatawanyika lami nzima.

Mhando wa Barabara ya Kumi na Nne akainama,
akazungusha pedeli kwa kidole kimoja, akasikiliza
kama mkunga.
"Cheni imekwisha, mwalimu. Na kaseti nayo."
Kaseti! Nikacheka. Mimi kaseti ninayoijua
ina utepe, ina taarabu pande zote mbili,
na ikilegea unaikaza kwa kalamu.
Yeye hakucheka. Akanionyesha meno:
yamechongoka, yamelalia upande mmoja
kama mapezi ya papa.
"Hivi huliwa pamoja," akasema, "hubadilishwa pamoja."

Nilikuwa na hela ya kimoja.

Nikafunga cheni mpya juu ya meno ya zamani.
Siku nne. Kila nikikanyaga kwa nguvu, tka! inakataa.
Halikuwa kosa la cheni; ilikuja na grisi ya kiwandani,
vipimo vyake sahihi, rula yangu shahidi.
Halikuwa kosa la meno;
yalijipinda miaka tisa kuifuata cheni nyingine,
nayo ikarefuka kuyafuata.
Usiku nilizima taa nikiliwaza jambo hili
kuliko chuma kinavyostahili kuwazwa.

Maana nyumba hii ya Makorora
nimeiingia huu mwaka wa pili,
na Mwanaidi, binti wa mume wangu, miaka kumi na mitatu,
ananiita Mwalimu, shuleni na jikoni.
Sahani huzipanga alivyozipanga marehemu mama yake.
Mimi huzipanga upya. Naye upya.

Mshahara ulipoingia nilitandika gazeti uani,
nikapindua baiskeli miguu juu, nikachomoa gurudumu.
Kifungulio niliazima kwa Mhando. Mjeledi wa kushikia gia
hakuwa nao; akasema, tengeneza.
Basi nikaitoa cheni ya zamani kwenye kopo la samli,
nikaipigilia misumari miwili
kwenye mpini wa jembe uliovunjika.

Mwanaidi alikuwa mlangoni anamumunya ubuyu.
Akaja bila kuitwa.
"Nishike wapi?"
"Shika mpini. Nikisukuma huku, wewe vuta kule.
Usiniachie."

Cheni kuukuu ikakaa juu ya meno yake,
jino kwa tundu, bila kuruka hata moja:
mahali pekee duniani palipobaki pa kuitosha.
Tukakazana. Nati ikalia kama kuku aliyekanyagwa,
ikaachia, sote wawili tukakalia gazeti.

Mafuta ya taa, mswaki uliochakaa,
tope jeusi la vumbi na mafuta ya miaka yote ile.
Nikauliza, "Mama yako aliipanda sana?"
Hakujibu upesi.
"Alinipakia mbele, kwenye bomba. Nyuma aliweka mchicha."
Nikaendelea kusugua,
hata palipokuwa pameshatakata.

Gia mpya zikaingia, kubwa kwanza,
gia, ringi, gia, ringi, hadi ile ndogo kama kifungo cha koti.
Nikapitisha cheni, nikagonga pini,
nikazungusha pedeli kwa mkono.
Kimya.
Kimya cha kitu kinachofanya kazi yake.
Nikafuta mikono kwenye kanga, tayari kujisifu.

"Mwalimu," akasema Mwanaidi, kidole chini,
"imebaki ringi."

Imebaki kweli, nyembamba,
imelala juu ya tangazo la mnada wa ng'ombe.
Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka,
ubuyu mwekundu mpaka kwenye fizi,
na kabla sijanyanyuka
alikwisha kuufuata ule mpini.