Koleo Chini ya Benchi

Miaka ishirini na sita nimehasi madume,
Mlali, Pandambili, hadi Kibaigwa.
Koleo langu linajua mshipa ulipo.
Unabana, unahesabu taratibu mpaka kumi,
dume hutoa sauti moja fupi,
kama mlango wa bati,
na baada ya miezi michache huvuta jembe
akiongozwa na mtoto wa darasa la pili.

Kwa hiyo habari za damu nisifundishwe.
Nimezishika kwa mikono miwili.

Jumanne nilikaa baraza la kata, mjumbe,
begi langu la kazi miguuni.
Kijana Ndahani, miaka kumi na tisa,
alimpasua Mbogoni kichwa kwa fimbo ya kuchungia
pale kisimani, saa kumi alfajiri,
kwa nafasi ya ndoo tatu.

Mjomba wake akasimama:
"Babu yake alipiga. Baba yake alifia Isanga.
Mtoto wa nyoka ni nyoka, mnataka awe nini?"
Mwalimu Sifueli wa baiolojia akaongeza homoni,
akaongeza jeni, akaongeza nyani wawili
wanaogombea tawi,
na wazee wakatikisa vichwa kwa adabu
kama watu wanaosomewa bili.

Lakini pacha wake alikuwapo, Chibago.
Tumbo moja, mgongo mmoja wa kubebewa.
Ndiye aliyevua shati akafunga kidonda,
akampakia Mbogoni kwenye baiskeli,
kilomita tisa za mchanga hadi zahanati.
Damu ile ile ilikanyaga pedali.

"Kwa sababu yeye ndoo zake zilikuwa zimeshajaa,"
akasema Mbogoni mwenyewe, kichwa kimefungwa,
na hakuna aliyecheka.

Nikaomba daftari la mtendaji.
Mwaka pampu zote mbili zilipofanya kazi:
kesi moja ya kupigana, nayo ya harusini.
Mwaka huu, pampu moja imekufa tangu Februari:
kumi na nne.
Nikawauliza, mwaka ule tulihasiwa sote
usiku, bila kusikia koleo?
Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Mwezi wa kumi, hapa kwetu,
nyanyua ndoo kwanza, kisha uniambie.

Mwenyekiti akaandika: *pampu*.
Akapiga mstari chini yake. Barua ya tano hiyo.

Ningeishia hapo ningeonekana mwerevu.
Ila wakati wanabishana juu ya mbuzi wa fidia
nilikuwa nyumbani, juma lililotangulia,
binti yangu Nyemo amejikwaa kizingitini,
lita ishirini zinakimbilia chini ya kitanda.
Mkono wangu ulishafika juu kabla yangu.
Akainamisha shingo.
Naijua shingo ile. Nimeiona zizini maelfu ya mara.

Mkono ulibaki pale, hewani,
mzito, wa kwangu, hauna pa kwenda.
Hapakuwa na mtendaji, wala daftari, wala pampu.
Sijui nani aliushika.
Kama kuinuka kwake ni damu,
basi na kusita kule ni damu pia,
maana nilipojitafuta ndani sikukuta kingine.
Nilichukua tambara. Tukakausha sakafu bila kusemeshana.

Mbuzi mmoja, wakaamua, na zamu za kisima
ziandikwe, zibandikwe mlangoni kwa mtendaji,
na Ndahani awe ndiye msimamizi wa foleni
kwa miezi mitatu.
Mjomba akaguna: mnampa fisi bucha.
Mzee mmoja nyuma akapaza sauti:
"Bwana mifugo, si una koleo hapo? Maliza kazi!"

Baraza zima likalipuka kwa kicheko. Hata mwalimu.
Hata mimi, meno yalitoka.

Ndahani hakucheka.
Alilitazama begi langu,
kwa makini, kama mtu anayefikiria kukubali.

Nikalisukuma kwa kisigino
mpaka likagota ukutani.