Matokeo Sifuri

Jumapili, Nizwa, maktaba ya chuo, ghorofa ya pili.
Nimevaa sweta juu ya abaya; nje ni nyuzi arobaini na nne.
Kisanduku cheupe kinanikodolea, kistari chake kinapepesa:
haya, niambie, unatafuta nini?

Mpwa wangu Muhannad ana miaka saba, na selimundu.
Usiku wa Ijumaa hakumwita mama yake, alimwita bibi,
kwa kuwa bibi ndiye ajuaye majina.
Goti linapwita, alisema.
Mgongo unawanga.
Na hapa, bibi, hapa panakeketa.
Mama yangu, mzaliwa wa Mkoani, alimkanda akimjibu
kwa neno lile lile alilopewa,
mtu harudishi sahani tupu.

Hospitali daktari akauliza kwa Kiarabu:
inauma kiasi gani, moja hadi kumi?
Mtoto akanyamaza.
Kumi si jina la maumivu.

Nikaandika: kupwita.
Matokeo 0.
Hifadhidata, kwa adabu zake, ikaniuliza
kama nilikusudia mdudu fulani wa mpunga.

Nikaandika kwa Kiingereza: maumivu, mtoto, selimundu.
Matokeo 14,302.
Kutoka ukame hadi wadi iliyofurika,
nami sina hata kata ya kuchotea.

Bi Zuweina wa dawati la rejea akavuta kiti.
Hina ya arusi ya wiki jana imeanza kupauka vidoleni.
"AU hukusanya ndugu," akasema. "Uchungu au maumivu au kuuma,
wote waingie.
NA huozesha: asiye na mwenzi hapiti mlango huu.
SIYO, hiyo uiogope. Hufukuza hata usiyemkusudia.
Maneno yanayotembea pamoja yafunge kwa alama za kunukuu.
Neno lenye mikia mingi likate, liwekee kinyota."
Akabonyeza: miaka kumi ya karibuni. Zilizohakikiwa. Watoto, si wazee.
14,302.
911.
88.
23.
"Ungekuwa unapepeta mchele," akasema, "ungeshaupika."

Ya tisa ndiyo. Ikisiri yake niliisoma mara tatu:
watoto sitini na mmoja,
na maneno wanayotumia wenyewe kusema panapouma.
Nikabofya. Kufuli.
Riali kumi na nne kwa saa ishirini na nne,
kana kwamba makala ni chumba cha hoteli.
"Usilipe," akasema bila kuinua macho.
"Usilipe kamwe kabla hujaniuliza."
Akajaza fomu ya kuazima kwa jirani.

Alhamisi zikaja, kurasa kumi na mbili, zimepigwa skani kombo.
Pembeni mwa ukurasa wa saba, kidole gumba cha mtu,
kimefungwa plasta.
Sijui maktaba gani, sijui nchi gani.
Alisimama kwenye mashine akigeuza kurasa
kwa ajili ya goti la Muhannad, na wala hajui.

Jedwali la pili: maneno kumi na manane ya Kiarabu, kumi na moja ya Kiingereza.
Kisu. Moto. Nyundo. Sindano.
Nikashuka kwenye marejeo,
makala ikanipeleka kwa mama yake, mama kwa bibi yake,
hadi mwaka 1974,
na huko pia hakuna aliyepwita.

Saa mbili kasorobo usiku wanaanza kuzima taa upande wa majarida.
Rasimu yangu ina ukurasa mmoja. Chini ya ikisiri pana mstari mtupu:
maneno makuu, yasizidi matano.
Selimundu. Watoto. Nizwa.
La nne nikaliandika, nikalifuta, nikaliandika.
Mwalimu atalizungushia wino mwekundu, najua.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mama:
amelala sasa. Kasema hakupwiti tena, kunafukuta tu.

Nikaandika la tano.