Nyembe Tatu, Nyembe Nne

Kichwa kimeshuka Usoke na treni ya alfajiri,
kimeviringishwa gunia la tumbaku, kamba ya katani,
kimetoka kwenye injini iliyofia Tabora mjini, uani kwa wauza chakavu,
na namba iliyopigwa ubavuni si namba ya chetu.
Nikakiosha kwa dizeli. Nikakilaza kifudifudi juu ya kioo,
nikachungulia mwanga chini yake. Haukupita.
"Kitafaa?" akauliza Kapela.
Nikasema kitafaa. Sikumtazama.

Maana cha zamani nilikiua mimi.

Hajui. Au anajua, ananisitiri.
Masika yale mkewe alijifungua mapacha
chumba cha pili, ukuta mmoja wa tofali mbichi na mashine;
kila wakisinzia, taka-taka-taka,
roka zinagonga kama mhunzi mwenye deni.
"Fundi Mayunga, inyamazishe hata kidogo,"
Kalunde akaniomba, macho mekundu, kikombe cha uji kimempoa mkononi.
Huruma ikanishika, nami nikashika spana,
nikabana tapeti mpaka nafasi ikaisha.
Ikanyamaza kweli. Akanipa kuku.

Chuma kikipata moto hurefuka.
Hilo nililijua tangu siku za kuosha vipuri vya watu.
Ukikinyima pa kurefukia, valvu haikai kitini,
inabaki wazi kwa unene wa unywele,
na moto unapita hapohapo, debe baada ya debe, miezi mitano.
Nilipofungua, ya moshi ilikuwa imeliwa ukingoni
kama andazi lililolala na panya,
na ufa umetoka kiti hadi kiti, mwembamba, mweusi.
Nikasema, "Maji yalipungua."
Kapela akatikisa kichwa chake, kizima,
akaenda kuuza ndama wawili.

Leo basi nakaza nati kwa msalaba,
hii, kisha ya mkabala, robo kwa robo.
Ndoo za mahindi zimepanga foleni toka mlangoni hadi karibu na reli,
na Bi Mwavita ameshasema mara mbili kwamba jua halimngoji mtu.
Nazungusha gurudumu kwa mkono.
Linakataa, linapumua, linakubali.
Pistoni juu. Nagusa pushirodi zote mbili:
zinazunguka vidoleni, legevu.
Hapo ndipo.

Fila yangu imepoteza karatasi nilizozihitaji,
nimenunua nyembe dukani kwa Sizya.
Ya hewa, nyembe tatu. Ya moshi, nne.
Ziteleze, lakini zishikwe,
kama noti inayovutwa mkononi mwako
na mtu ambaye hujaamua kumpa.
Nafunga nati, napima tena,
maana kufunga nako huiba.

Nikawasha. Taka-taka-taka.
Kapela akageuka. "Inalia kama mwanzo."
"Iache ilie. Ile iliyonyamaza ndiyo iliyoungua.
Niliibana mimi, Kapela. Masika yale. Hayakuwa maji."
Mashine ilikuwa inanguruma, sijui yalimfikia maneno mangapi.
Akainama, akamimina debe la Bi Mwavita.

Jioni nikazima ili nirudie,
kwani gasketi mpya ikishalala, kichwa hushuka kidogo,
na nafasi hupungua bila mtu kuigusa.
Kimya kikatanda hadi stesheni.
Ndipo upande wa pili wa ukuta Kulwa na Doto,
waliolala mchana kutwa ndani ya ngurumo,
wakashtuka pamoja, wakalia.
Kalunde akatoa kichwa dirishani:
"Umezima nini wewe? Washa!"
"Mpaka ipoe, mama Kulwa."
Nikahesabu nyembe zangu. Nne. Moja ina damu.

Giza likaingia. Kapela akaja na tochi, akanimulikia,
akakaa muda mrefu hasemi kitu,
mwanga wake ukitetemeka juu ya roka.
Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama anazungumza na injini,
"Akikuomba tena, kuku usipokee."